Kolaji ya Bandari ya Kale: shajara ya kazi

Julai 3

Ami anataka picha ya kutundika sebuleni, na maelezo yake yalikuwa mafupi: Mji wa Kale wa Mombasa kama unavyomjia mtu anayeingia kwa chombo, Ngome ya Yesu kushoto, bandari ya kale kulia, majahazi katikati, na marehemu babu awemo. Picha moja ya namna hiyo haipo wala haipigiki. Ukikaa kwenye mashua mahali pa kuiona Ngome yote, bandari iko mbali. Ukisogea hadi bandari ionekane vizuri, Ngome imeshafichwa na nyumba. Majahazi nayo hayaji kwa miadi. Kwa hiyo itakuwa kolaji, picha nyingi zikatwe na kupangwa tabaka juu ya tabaka mpaka jicho likubali kwamba ni mahali pamoja, asubuhi moja.

Kabla ya kugusa picha yoyote nimefanya hesabu ya ukubwa. Karatasi ni A2 iliyolazwa, milimita 594 kwa 420. Kwa nukta 300 kwa kila inchi, turubai inakuwa pikseli 7016 kwa 4961, karibu milioni 35, na kila tabaka lililojaa linakula megabaiti 139 hivi za kumbukumbu. Laptopu yangu ina gigabaiti 8 na tayari hulalamika ikifunguliwa vichupo vingi vya intaneti. Kwa nukta 200 turubai ni 4677 kwa 3307, na tabaka ni megabaiti 62. Picha itakaa juu ya kochi, mtu ataitazama akiwa mita mbili mbali. 200 zatosha.

Programu ya kuhariri picha ni GIMP. Ni ya bure, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na hata herufi XCF zilizo kwenye faili zake ni za chama cha kompyuta cha wanafunzi wa huko. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, ndilo lililonifanya nisiombe laptopu ya mtu mwenye Photoshop: sasa vichujio havichomi picha. Ukitia ukungu kwenye tabaka leo, wiki ijayo waweza kuurudia na kuupunguza.

Julai 5

Nimekusanya. Za kwangu za Juni, za binamu, na bahasha ya shangazi. Za binamu zilikuja kupitia ujumbe wa simu zikiwa zimeminywa. Nilimwomba azitume upya kama faili, si kama picha, na tofauti ni kubwa. Kingo za mawe zilizokuwa zimezungukwa na chenga za mraba zimesafika.

Ndani ya bahasha ya shangazi kuna picha ya babu, nyeusi na nyeupe, sentimita 6 kwa 9, amesimama nje karibu na gati, kanzu na koti, bakora mkononi. Nimeiskani kwa nukta 600 kwa inchi. Urefu wake unatoa pikseli 2100 na ushei, maana yake kwa kipimo changu cha 200 naweza kumkuza mpaka sentimita 27. Sihitaji hata nusu yake.

Julai 8

Jioni nilimpelekea ami laptopu barazani. Nilikuwa na picha mbili za jahazi zinazofaa kwa umbo, nikataka achague. Umbo hakulitazama.

"Hii yapigwa mwezi gani?"

Nikamwambia ya kwanza ni ya kwangu, ya Juni; ya pili ya binamu, ya Januari.

"Basi hii ya Januari iweke kando, mwanangu. Tanga lake limejaa kaskazi. Na zile bendera zako pale gatini zapepea kwa kusi. Chombo kije na upepo wake peke yake?"

Ami alikulia majahazini kabla ya kuhamia kazi za nchi kavu, na mtu kama huyo husoma tanga kabla ya kusoma jina la chombo. Nimekaa nalo neno lake usiku kucha, kwa sababu mimi nilikuwa nikifikiria jua tu, na kumbe vitu hivi viwili vimefungwa pamoja.

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na tena mwanzo wa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba hukaa kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki hukaa kusini. Sasa simama majini mbele ya Mji wa Kale, uso umeelekea magharibi. Kulia kwako ni kaskazini. Asubuhi ya Julai jua linakuja kutoka nyuma ya bega lako la kulia, kwa hiyo vivuli vya nguzo za roshani vinalala kushoto. Asubuhi ya Januari linakuja nyuma ya bega la kushoto, na vivuli vinalala kulia. Upepo nao: kusi linatoka kushoto kwako, bendera zinakimbilia kulia. Kaskazi linatoka kulia, bendera zinakimbilia kushoto. Msimu ukibadilika, vyote viwili vinageuka kwa pamoja.

Kanuni ya kazi hii, basi, naiandika hapa nisije nikaibishia baadaye: kivuli kushoto, bendera kulia. Kila picha ipite kwenye mlango huo. Picha kumi za binamu zimekwisha hapo hapo, na nyingine nzuri kweli.

Binamu alipendekeza nizigeuze tu, kushoto kuwe kulia. Wingu laweza kugeuzwa, hakuna atakayejua. Jengo haligeuki; mtu wa Mombasa ataiona Ngome iliyopinduliwa kabla hajavua viatu, na maandishi ya milangoni yatasomeka kinyume. Jahazi nalo nilidhani lageuzika, lakini ami anasema foromali, ile boriti inayoshika tanga, ina upande wake kwenye mlingoti. Sitajaribu.

Julai 10

Tumetoka na mashua ya mvuvi upande wa Mkomani, kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Kusi, mawingu mengi, jua likitokeza kwa vipindi. Nimepiga ukuta wa bahari wa Ngome, nyumba za ukingoni, ngazi za gati, na maji matupu kwa wingi kuliko vyote. Wapiga picha husahau maji matupu kisha wakahangaika kuyatengeneza.

Jambo la tatu limejitokeza nikiwa huko huko majini. Picha zangu za Juni zilipigwa maji yamepwa, leo yamejaa. Kwetu bamvua likikaza, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na mstari mweusi wa unyevu kwenye kuta unasema yote. Ukuta wa leo na ngazi za Juni haviwezi kusimama kwenye bahari moja. Nimezipiga ngazi upya.

Kamera niliishika kimo kile kile, nimekaa, siku zote. Picha iliyopigwa umesimama kwenye gati ina upeo wa juu, na ukiibandika kando ya iliyopigwa umekaa mashuani, nyumba zinaonekana kuteleza. Ndiyo maana pia nimemkatalia binamu ombi la kuweka Ngome kama inavyoonekana kutoka angani. Ni kweli ramani aliyoichora Giovanni Battista Cairati ina umbo la mtu aliyelala, kichwa baharini, na Wareno waliijenga hivyo kuanzia 1593 hadi 1596. Lakini anayeingia kwa chombo haoni mtu. Anaona ukuta.

Julai 12 na 13

Kukata.

Sifuti kitu. Kila tabaka lina maski yake: penye nyeupe tabaka linaonekana, penye nyeusi linajificha, na kijivu ni kati kwa kati. Ukifuta kwa kifutio, pikseli zimekwenda. Ukipaka nyeusi kwenye maski, siku ukijuta unapaka nyeupe na ukuta unarudi na kila jiwe lake. Naona watu wengi bado wanakata kwa kifutio na siwaelewi.

Kuta za Ngome nilizizungushia njia ya nukta, nukta chache tu, kwa sababu kingo zake zimenyooka. Mawe ya matumbawe yamelika, kwa hiyo ukingo mkali mno unaonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nimelainisha maski kwa pikseli moja na nusu na imetulia. Roshani zilichukua muda mrefu zaidi. Zina nakshi za mbao zenye matundu, na kila tundu linaonyesha kitu cha nyuma yake.

Kazi ngumu ilikuwa kamba za jahazi. Kamba moja ina upana wa pikseli mbili, tatu, na hakuna mkono wa kuifuatisha kwa burashi. Nimetumia hali ya kuzidisha. Katika hali hiyo programu inachukua mwanga wa tabaka la juu na kuuzidisha na wa chini: nyeupe ni moja kamili, kwa hiyo haibadilishi kitu, nusu mara nusu inatoa robo, yaani giza linaongezeka, nyeusi inabaki nyeusi. Picha ya jahazi ilikuwa na anga jeupe la mawingu nyuma ya kamba. Nimeisukuma mianga yake mpaka anga likawa jeupe tupu, nikaweka tabaka katika hali ya kuzidisha, na anga la zamani likatoweka lenyewe. Kamba zimebaki juu ya anga jipya, zote, hata zile ambazo sikuwa nimeziona. Tanga lenyewe limefifia kwa sababu nalo ni jeupe, kwa hiyo nimeweka nakala ya pili ya jahazi juu, hali ya kawaida, maski ikionyesha tanga na mwili tu.

Njia hii inataka anga la nyuma liwe jeupe na kamba ziwe nyeusi. Kwenye anga la buluu kali isingefaa.

Julai 15

Matabaka yamepangwa kutoka nyuma kuja mbele: anga, mji, Ngome, gati, maji, majahazi, mashua ndogo. Nimeyatia kwenye makundi na kuyapa majina ya Kiswahili yanayoeleweka. "Tabaka 14 nakala 2" ni jina la kumtesa mtu.

Kati ya mji na majahazi nimeingiza tabaka la buluu nyeupe lenye nguvu ya asilimia 9 tu. Halionekani. Ukilizima, nyumba zinarukia mbele na kukaa mabegani mwa mabaharia. Hewa ya bahari ina mvuke na chumvi, na vitu vya mbali hupauka. Bila hilo tabaka kila kitu kimesimama kwenye mstari mmoja.

Kivuli cha jahazi majini nimekipaka kwa burashi laini kwenye tabaka la kuzidisha, na rangi nimeichota kwenye maji yenyewe mahali penye giza. Kivuli cheusi juu ya bahari ya kijani kinafanya chombo kionekane kinaelea hewani. Taswira ya chombo majini ni nakala iliyopinduliwa chini juu, ikavurugwa kwa kichujio cha mawimbi, ikapunguzwa nguvu kadiri inavyokuja kwa mtazamaji.

Mwisho wa siku: megabaiti 900 na kitu. Nahifadhi kwa majina mapya kila jioni.

Julai 18

Babu.

Familia ilikuwa na wazo lake, nami nililijua kabla halijasemwa: uso wake mkubwa mawinguni, umefifia, akitabasamu juu ya mji. Nimekataa. Hiyo ni picha ya bango la uchaguzi. Ami kaniunga mkono, namshukuru. Alisema marehemu hakuwa mtu wa kukaa juu ya watu.

Atasimama gatini, mdogo, ukubwa wa mtu halisi kwa vipimo vya pale. Tatizo ni jua. Katika picha yake mwanga unatoka kushoto, na kivuli cha pua kinalala kulia. Ni asubuhi ya msimu mwingine. Ningemgeuza, bakora ingehamia mkono wa kushoto, vifungo vya koti vingebadilisha upande, na shangazi asingenisamehe. Kumpaka mwanga mpya usoni kwa tabaka la kung'arisha na kutia giza inawezekana, na nimejaribu, lakini sura ya mtu ni kitu chepesi sana: ukiongeza kivuli chini ya shavu kidogo tu, si yeye tena. Shangazi aliangalia akasema, "Huyu ni jirani."

Kwa hiyo nimemtoa juani. Kuna mlango wa ghala kwenye picha ya gati, uko wazi, ndani kuna giza laini. Nimemsimamisha hatua moja ndani ya kizingiti, mahali ambapo mwanga hauna upande. Nimepunguza tofauti ya giza na mwanga kwenye picha yake mpaka kivuli cha pua kikawa si cha kugombania. Miguu ikapata kivuli chepesi sakafuni, na kizingiti kinakatiza upindo wa kanzu, hivyo maungio hayaonekani.

Rangi sikumtia. Nilijaribu chombo cha kutia rangi chenyewe, kikampa kanzu ya rangi ya mchanga na mikono ya waridi. Nimemwacha kijivu, na joto kidogo la hudhurungi lisilozidi asilimia 10. Ndani ya giza la ghala, mtu wa kijivu hashangazi.

Julai 20

Shangazi anataka pindo. Nilikuwa nimepanga fremu ya mbao tu, lakini wazo lake ni zuri kuliko langu: leso ina pindo pande zote na mji katikati, basi picha ikae mahali pa mji. Ametoa kisutu chake mwenyewe, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hataki nipige picha kipya cha Mtaa wa Biashara.

Nimekipiga pasi, nikakitandaza sakafuni, taa mbili pembeni kwa pembe sawa ili nyuzi zisitoe vivuli, kamera juu kabisa. Leso ina sentimita 150 kwa 110 hivi, na uwiano huo uko karibu na wa A2 lakini haulingani. Sikulivuta pindo; maua yangekuwa mayai. Nimekata kipande kimoja cha mchoro unaojirudia na kukiongeza kwenye pande ndefu, kisha nikafunika maungio kwa maski.

Nilipolipunguza pindo kuingia kwenye turubai yalitokea mawimbi ya uongo, michirizi isiyokuwepo kwenye kitambaa. Ni nyuzi za leso zikigongana na safu za pikseli. Dawa ni kutia ukungu kidogo kabla ya kupunguza, si baada.

Na jina? Leso bila jina, asema shangazi, ni shuka. Ami anasema picha ya bahari haihitaji maneno. Nimeweka tabaka la maandishi chini, ndani ya kisanduku chake kama kwenye leso, liko tayari kuwashwa au kuzimwa. Mjadala uko kwao.

Binamu ameuliza kwa nini zile pembe za ndovu za Moi Avenue hazimo. Nimemwambia hazionekani kutoka baharini. Akauliza kama pindo la leso linaonekana kutoka baharini. Swali zuri. Pembe bado hazimo.

Julai 22

Siku ya kuunganisha. Picha hizi zimetoka kwenye kamera yangu, simu ya binamu na skana, na kila moja ina chenga zake na weusi wake. Nimeanza na weusi: tabaka jeusi juu ya yote, katika hali inayoondoa rangi na kuacha mwanga tu, ili nione kazi nzima kwa kijivu. Hapo uongo hujitangaza. Weusi wa mlango wa Ngome ulikuwa mzito kuliko weusi wa jahazi lililo mbele yake, jambo lisilowezekana kwenye hewa ya bahari. Nimeunyanyua. Kuta mbili za ukingoni zilikuwa na mwanga wa saa nne katika mji wa saa mbili. Nimezipoza na kuzishusha.

Kisha nimepindua turubai nzima kushoto-kulia kwa dakika chache tu. Jicho lililozoea picha huacha kuona. Likiona kinyume huamka. Mashua moja ndogo ilikuwa imeinama bila sababu.

Juu kabisa nimeweka tabaka la kijivu cha katikati lenye chenga ndogo, hali ya mwanga laini, nguvu ndogo. Chenga za aina moja juu ya kila kitu: ukuta, tanga, babu, maji. Kama ningeruhusiwa tabaka moja tu la kumalizia, ningechagua hili.

Julai 25

Nimechapisha kipande cha A4 tu kwanza, kilichokatwa kutoka katikati kwa ukubwa halisi, chenye maji, tanga na mlango wa ghala. Imetoka nyeusi kuliko kwenye kioo cha laptopu, kama kawaida, maana kioo kinawaka na karatasi haiwaki. Buluu-kijani ya maji ya kina kifupi imekufa kabisa. Wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi haufiki kwenye rangi ile, hata fundi afanyeje. Badala ya kuongeza ukali wa rangi nimepunguza wa vitu vya jirani, nyekundu ya pindo hasa, ili maji yaonekane yana uhai kwa kulinganisha. Na katikati ya mianga nimeinua kidogo. Babu alikuwa amezama ghalani, sasa anaonekana.

Karatasi isiyong'aa. Sebule ya ami ina dirisha la mashariki, na karatasi ya kung'aa ingeonyesha dirisha tu.

Julai 29

Imechapishwa, imetiwa fremu, imetundikwa. Jina halikuwashwa, shangazi amesema atashona lake kwenye kitambaa alitundike chini yake, na hilo si tabaka langu. Ami alikagua kwa utaratibu wake: tanga, kisha bendera, kisha mstari wa maji ukutani, kisha babu. Akasema maji yamejaa mno kwa mtu kushuka ngazi ile bila kuloa. Ni kweli.

Binamu naye ametaka nakala ya kwake huko Kisauni, ila ya kaskazi, ile siku majahazi ya Arabuni yalipokuwa yakiingia. Alidhani ni kubadilisha anga. Nimemwonyesha vivuli vya roshani, bendera, ukuta wa Ngome. Anga ndilo tabaka pekee ambalo ningeweza kulibakiza, na hilo nalo ni la mawingu ya kusi. Nimemwambia angoje Januari, na safari hii kodi ya mashua ni juu yake.